Punje ya chumvi si kutia chumvi
Wengi wakikutana na msemo wa Kiingereza "take it with a grain of salt" (ipokee pamoja na punje ya chumvi) huuelewa kama kutia chumvi kwetu, yaani kuongeza maneno. Si ajabu, chumvi ni ileile. Lakini kwetu huitia msimulizi. Kwao ni ya msikilizaji, asimeze habari bila kuipima.

Asili ya msemo huo wa Kiingereza hutajwa kuwa kitabu cha Kirumi cha karne ya 1, chenye dawa ya kukinga sumu iliyoongezwa punje ya chumvi. Humo chumvi ni chumvi kweli. Maana ya mashaka inaonekana katika maandishi ya Kiingereza ya karne ya 17.

Fungua kamusi ya Kiingereza kwenye neno "salt", utazame katika mifano ni nani anayeambiwa aitumie punje hiyo.