Kabla ya Kusema "Sheria ya Kiyahudi Inamkataza Mwanamke", Fungua Chanzo

Tangu Mahakama ya Juu ya Israel ilipoamua, Julai 2025, kwamba wanawake waruhusiwe kufanya mitihani ya sheria ya dini (halakha) ya Ofisi ya Marabi Wakuu, dawati letu limepokea maswali mengi, na mengi yanaanzia pabaya. Uamuzi ule haukumfanya mwanamke yeyote kuwa rabi. Ulihusu mitihani, na cheti chenye uzito katika baadhi ya ajira za umma. Basi.

Tunaomba pia ikome hii ya "wanawake wa Kiyahudi hawasomi". Katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, sehemu ya Sota 3:4, Ben Azai anasema baba ana wajibu wa kumfundisha binti yake Torati; Rabi Eliezeri anapinga vikali. Ubishi huo una umri wa karne nyingi. Sarah Schenirer alifungua shule ya wasichana Kraków, Poland, mwaka 1917, na Nishmat, chuo cha wanawake cha Jerusalem, kilitoa washauri wake wa kwanza wa kike wa sheria za usafi wa ndoa mwaka 1999.

Chanzo hufuatwa kwa hatua, wala hakuna njia ya mkato. Anza na Shulkhan Arukh, kitabu cha sheria za Kiyahudi cha Yosef Karo wa Safed, iliyochapwa Venice mwaka 1565. Sheria za nida, yaani hedhi na utengano wa mume na mke, zinaanza katika sehemu ya Yore Dea, kifungu cha 183. Soma maneno ya Karo, kisha ya Moshe Isserles wa Kraków yaliyochomekwa humo humo: hayo hubeba desturi za Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, msiyachanganye na ya Karo. Pembeni kuna maelezo yanayokutajia ukurasa wa Talmud, mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya Mishna. Nenda huko, kisha uliza: hii ni amri ya Torati, ni agizo la wanazuoni, au ni desturi? Palipo na shaka, la Torati hukazwa, la wanazuoni hulegezwa. Adhabu nazo hutofautiana. Anayelala na mwanamke aliye hedhini, Walawi 20:18 inasema wote wawili watakatiliwa mbali na watu wao. Hiyo ni karet, iko mikononi mwa Mungu. Agizo la wanazuoni halina karet.

Chukua siku saba safi zinazohesabiwa baada ya damu kukatika. Wengi hudhani wanaume ndio waliowabebesha wanawake mzigo huo. Fungua Talmud, kitabu cha Nida, ukurasa wa 66a: Rabi Zeira anasema mabinti wa Israeli walijikazia wenyewe, hata wakiona tone la damu kama punje ya haradali, wanakaa siku saba safi. Walawi 15:19, kwa hedhi ya kawaida, inataja siku saba tu za utengano. Mwalimu asiyefika ukurasa ule ataifundisha kama amri ya Sinai, na tumewasikia wengi wakifanya hivyo. Hata hivyo, kujua chanzo si ruhusa ya kulegeza. Sheria hii inashikwa kikamilifu na Wayahudi washika dini hadi leo.

Makala haya si fatwa. Mwenye swali la nyumbani kwake amwendee rabi wake au mshauri aliyefuzu, akiwa na tarehe alizoziandika, si za kukumbuka-kumbuka. Aandike pia kama damu ilionekana kabla au baada ya jua kuchwa, kwa sababu siku ya Kiyahudi huanza magharibi, kama wazee wetu wa pwani wanavyohesabu: usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wake.