Kupunga upepo ni mazoezi? Gari, matembezi na sheria ya 2020

Mwezi uliopita shemeji yangu alikuwa akipanga droo zake akakuta karatasi ya faini ya mwishoni mwa Aprili 2020, wakati wa zuio la korona la England. Pauni 60, ukilipa ndani ya siku 14 unatoa nusu. Yeye alitoa 30 siku ileile, kwa woga wa mgeni, ingawa ameishi Leicester miaka ishirini. Akanipigia simu: "Wakili, hivi mimi nilikosa nini?"

Kosa lake, kwa maelezo ya polisi aliyemsimamisha, lilikuwa kuendesha gari maili 12 kwenda kutembea kando ya bwawa. Aliulizwa amefuata nini pale. Akajibu kwa unyenyekevu wote kwamba amekuja kupunga upepo kidogo.

Mimi kazi yangu ni kesi ndogondogo za jinai, zile za mahakimu, na majira yale ya korona hakuna swali nililoulizwa zaidi na jamaa zetu kuliko hili la gari. Naruhusiwa kuendesha kwenda kutembea? Umbali gani? Mara ngapi? Wengi walipewa majibu yasiyo sahihi, na baadhi ya waliowapa walikuwa wamevaa sare.

Jioni ya 23 Machi 2020 Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, Boris Johnson, alisema kwenye televisheni kwamba watu wabaki nyumbani, na wakitoka kufanya mazoezi iwe mara moja kwa siku. Nchi nzima ikashika maneno hayo kama amri. Lakini hotuba si sheria. Sheria ya England ilianza kufanya kazi 26 Machi saa saba mchana, na kanuni ya 6 ilisema tu kwamba mtu asitoke anapoishi bila sababu ya msingi. Kisha ikataja mifano ya sababu hizo, mmojawapo ukiwa kufanya mazoezi, peke yako au na watu wa nyumba yako. Basi. Hapakuwa na "mara moja". Hapakuwa na maili. Gari halikutajwa kabisa kwenye kipengele hicho. Na kwa kuwa orodha ilikuwa ya mifano, sababu isiyokuwemo ingeweza kukubalika pia kama ni ya msingi.

Ukivuka kuingia Wales, mambo yalibadilika: kanuni zao wenyewe ziliandika mazoezi yasizidi mara moja kwa siku. Kwa hiyo ndugu wawili, mmoja Bristol na mwingine Cardiff, wakienda kukimbia asubuhi na jioni, mmoja alikuwa amevunja mwongozo wa serikali tu, mwingine amevunja sheria. Tofauti hiyo ndiyo iliyowachanganya watu, na polisi nao.

Siku ileile kanuni za England zilipoanza, polisi wa Derbyshire walitoa video waliyoipiga kwa droni kule Curbar Edge, ndani ya hifadhi ya Peak District, ikionyesha watu wachache wakitembea na mbwa wao mlimani. Walitaka kuwaaibisha walioendesha gari kwenda huko. Lord Sumption, aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Juu, aliwakosoa hadharani kwa kusimamia matakwa ya mawaziri badala ya sheria. Mimi nilikubaliana naye kwenye hilo, japo si kwenye mengi aliyosema baadaye.

Katikati ya Aprili ndipo polisi walipopewa mwongozo wa kueleweka kuhusu sababu ya msingi. Kuendesha gari kwenda mashambani kutembea: sawa, mradi muda wa kutembea uzidi sana muda wa kuendesha. Kuendesha mwendo mrefu kwa ajili ya mazoezi ya dakika chache: hapana. Kupumzika au kula chakula cha mchana katikati ya matembezi marefu: sawa. Kutembea hatua chache hadi benchi la bustani, kisha kukaa hapo muda mrefu zaidi: hapana.

Hilo la mwisho nalipenda, maana sisi watu wa pwani tuna neno lake. Kubarizi, yaani kukaa nje kupumzika na kupata hewa, si mazoezi. Unaweza kutembea kutoka mlangoni hadi barazani mara kumi, bado unabarizi.

Mnamo 22 Aprili kanuni ikaongezwa maneno: si kutoka tu, hata kuwa nje bila sababu ya msingi. Kabla ya hapo, aliyetoka kwa sababu halali kisha akazurura alikuwa na hoja nzuri mahakamani. Hoja hiyo ikafungwa.

Msidhani kila nchi iliuliza swali hilo la England, yaani umetoka kwa nini. Ufaransa iliuliza umbali na saa: kilomita moja kutoka nyumbani, saa moja kwa siku, na karatasi uliyojijazia mfukoni. Kenya iliuliza uko upande gani wa mpaka wa eneo la Nairobi lililofungwa, na saa ngapi. Kuanzia 6 Aprili saa moja jioni, mtu wa Thika aliweza kuendesha hadi katikati ya Nairobi akatembea anavyotaka hadi kafyu, lakini asingeweza kuvuka daraja la mto Chania kunyoosha miguu upande wa pili. Uganda iliuliza umepanda nini: magari binafsi yalipigwa marufuku mwisho wa Machi, na kukimbia barabarani kukafuata. Rais Museveni akajirekodi akifanya mazoezi ofisini kwake, miguu mitupu, akipiga pushapu 30, kuwaonyesha watu kwamba hata ndani inawezekana. Masharti hayo yalikuwa makali, lakini mtu aliyajua. Swali la England lilikuwa la upole, na ndiyo maana jibu lake lilitegemea polisi uliyekutana naye.

Kuanzia 13 Mei England iliruhusu kuendesha umbali wowote kwenda kukaa au kufanya mazoezi nje. Wales ikabaki na masharti yake, na kuanzia Juni ikatumia maili 5 kama kipimo cha jumla hadi 6 Julai. Waliotoka England kwenda ufukwe wa Wales wakarudishwa njiani.

Halafu Januari 2021, zuio lilipokuwa limerudi, wanawake wawili waliendesha kama maili 5 kila mmoja na gari lake kwenda kutembea kwenye bwawa la Foremark, Derbyshire tena, wakiwa na vikombe vyao vya kinywaji cha moto. Wakapigwa faini ya pauni 200 kila mmoja, wakaambiwa vinywaji vile vinahesabiwa kama pikiniki. Faini zikafutwa na polisi wakaomba radhi. Siku chache baada ya wanawake hao kusimamishwa, Waziri Mkuu mwenyewe alionekana akiendesha baiskeli kwenye bustani ya Olimpiki, maili 7 hivi kutoka Downing Street. Mwongozo wa wakati huo ulisema mazoezi yawe karibu na nyumbani. Sheria haikuwa imesema karibu ni wapi.

Nikamuuliza shemeji: uliendesha dakika ngapi? Ishirini na tano. Ulitembea muda gani? Saa moja na nusu, mpaka yule polisi aliponisimamisha. Basi kwa mwongozo wenyewe wa polisi ulikuwa salama. Kilichokuponza ni lugha. Ungesema umekuja kufanya mazoezi, pengine angekuaga.

"Kwa hiyo hela yangu narudishiwa?"

Hapana. Notisi ile haikuwa na rufaa; njia ya kuipinga ilikuwa kukataa kulipa na kusubiri kuitwa mahakamani. Ukishalipa, umefunga jambo, na huna rekodi ya jinai. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama pauni 30 zinatosha kununua fremu ya kuitundika sebuleni.