Je, wajua kwa nini sheria ya "haki ya kufanya kazi" haimpi mtu kazi?

Katika majimbo 26 kati ya 50 ya Marekani kuna sheria inayoitwa sheria ya haki ya kufanya kazi. Anayelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza hudhani kwamba serikali ya jimbo imeahidi ajira kwa kila anayeitafuta, au angalau imemwekea mfanyakazi kinga asifukuzwe bila sababu. Sheria hiyo haina hata moja kati ya hayo. Inakataza jambo moja tu: mwajiri na chama cha wafanyakazi kukubaliana katika mkataba wao kwamba kila mfanyakazi wa mahali hapo lazima akichangie chama, la sivyo apoteze kazi.

Ndugu zetu wanaohama Minnesota, ambako sheria hiyo haipo, kwenda Texas, ambako imekuwapo tangu 1947, mara nyingi huichanganya na jambo jingine kabisa, yaani uwezo wa mwajiri wa Marekani kumwachisha mtu kazi wakati wowote bila kueleza sababu. Uwezo huo upo karibu nchi nzima, katika majimbo yenye sheria hii na yasiyo nayo, na mara nyingi kinachoupunguza ni ule mkataba uliofungwa na chama.

Kwa nini basi ada ya chama imegombaniwa kwa zaidi ya miaka 80? Jibu liko katika sheria ya 1935 inayojulikana kwa jina la seneta Robert Wagner wa New York. Tuchukue kiwanda chenye wafanyakazi 100. Wakipiga kura na 60 wakakitaka chama, chama hicho huwa msemaji wa wote 100, wakiwamo 40 waliokikataa, na mwajiri haruhusiwi kupatana mishahara na kikundi kingine wala na mtu mmoja mmoja pembeni. Nyongeza ikipatikana, huingia katika mshahara wa kila mmoja. Na siku mmoja wa wale 40 anapoandikiwa barua ya kufukuzwa kwa tuhuma ya kuharibu mashine, chama hakiwezi kumtupa kwa sababu tu si mwanachama. Mwakilishi wa chama huketi naye, huisoma barua ile mstari kwa mstari, hudai ushahidi, na shauri likifika kwa mwamuzi, kwa kawaida chama hubeba gharama ya wakili na nusu ya malipo ya mwamuzi mwenyewe.

Wajibu huo wa kumtetea hata asiye mwanachama ulizaliwa na dhuluma. Bester William Steele alikuwa mfanyakazi mweusi aliyechochea makaa ya mawe katika injini za treni huko Alabama. Chama cha wachochezi wa treni kiliwakataa Weusi kabisa, lakini kwa kuwa Wazungu walikuwa wengi kazini, kisheria chama hicho ndicho kilichokuwa msemaji wa Weusi pia. Mwaka 1940 kiliziandikia kampuni za reli za Kusini kikitaka mkataba ubadilishwe ili hatimaye Weusi waondolewe katika kazi hiyo, na haikuchukua muda Steele akanyang'anywa nafasi yake katika treni za abiria na kupangiwa kazi ngumu zaidi yenye malipo madogo. Wakili Charles Hamilton Houston alilifikisha shauri lake katika Mahakama Kuu ya nchi, nayo mnamo Desemba 1944 ikaamua kwamba chama kilichopewa mamlaka ya kuwasemea wote kina wajibu wa kuwatendea wote kwa haki. Shauri lile lilihusu reli, lakini kanuni yake ilikuja kuenea katika viwanda na maofisi.

Mwezi mmoja tu kabla ya hukumu hiyo, wapiga kura wa Florida na Arkansas walikuwa wameingiza katika katiba za majimbo yao vifungu vya kwanza vya haki ya kufanya kazi. Mmoja wa wapiga debe wakubwa wa vifungu hivyo, Vance Muse wa Texas, hakuficha kwamba aliwatisha Wazungu kwa hofu ya kuwekwa chama kimoja na Weusi. Siwezi kuisoma historia hiyo bila uchungu, wala sioni ajabu kwamba mwaka 1961 Martin Luther King aliwaonya Weusi wasidanganywe na jina la sheria hizo. Hata hivyo si haki kuwapima wote wanaoziunga mkono leo kwa kipimo cha Muse. Sheria ya Taft na Hartley ya mwaka 1947, iliyopitishwa baada ya migomo mikubwa ya 1945 na 1946 na licha ya rais Harry Truman kuikataa, ndiyo iliyoyapa majimbo yote ruhusa ya wazi ya kujiamulia, na tangu hapo mjadala umekuwa na hoja zake zenyewe.

Hoja ya vyama ni ile inayoeleweka na yeyote aliyewahi kuchanga. Kiswahili kina neno kudoea, yaani kwenda kula mahali ambapo hukuchangia chochote, kwa kuvizia tu saa ya chakula. Sheria inakilazimisha chama kumpakulia kila mtu sahani, kisha sheria nyingine inamruhusu kila mtu kukataa kuchangia kuni. Wadoezi wakiwa watatu chungu kinatosha, lakini kila anayewaona hujiuliza kwa nini yeye aendelee kutoa, na hatimaye chama hukosa hata fedha za kumlipa wakili.

Upande wa pili hujibu kwamba mtu hawezi kuitwa mdoezi wa chakula ambacho hakukiomba. Mfanyakazi aliyepiga kura ya hapana amenyang'anywa nafasi ya kujisemea mwenyewe, na vyama vyenyewe ndivyo vinavyong'ang'ania kuwa msemaji wa wote kwa sababu kufanya hivyo huvipa nguvu. Mark Janus, mtumishi wa serikali ya jimbo la Illinois, alikatwa takriban dola 45 kwa mwezi ingawa hakuwa mwanachama na hakukubaliana na madai ya chama. Mwaka 2018 Mahakama Kuu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikubaliana naye kwamba kwa mtumishi wa umma kupatana na serikali ni siasa, na hakuna anayepaswa kulazimishwa kuigharamia siasa asiyoiamini. Tangu siku hiyo ada ya lazima imekoma kwa watumishi wote wa umma nchini humo.

Hoja ya Janus ina uzito, ila naona kuna njia ya kuiheshimu bila kuufilisi utetezi wa wengine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 haimlazimishi mtu kujiunga na chama, lakini inaruhusu chama chenye wanachama wengi kukubaliana na mwajiri kwamba wasio wanachama wakatwe ada ya uwakala, isiyozidi ya mwanachama. Fedha hizo huwekwa katika akaunti ya pekee na kutumika kwa maslahi ya wafanyakazi wa mahali pale pale. Kenya nayo ina ada ya namna hiyo katika sheria yake ya mahusiano ya kazi ya mwaka 2007. Makato haya bado huleta manung'uniko kila hati ya mshahara inapofunguliwa, lakini angalau yanatenganisha gharama ya kumtetea mtu na gharama ya kampeni za kisiasa.

Huko Marekani kamba bado inavutwa. Michigan, kitovu cha chama cha wafanyakazi wa magari, ilipitisha sheria hiyo mwaka 2012 na kuifuta mwaka 2023, jambo ambalo hakuna jimbo lililokuwa limelifanya tangu Indiana mwaka 1965. Uanachama kwa jumla umeshuka kutoka asilimia 20.1 ya wafanyakazi mwaka 1983 hadi asilimia 9.9 mwaka 2024, ingawa sheria hizi si sababu pekee, kwani viwanda vingi vimefungwa au kuhamishiwa nchi nyingine.

Nevada imekuwa na sheria hii tangu miaka ya 1950, na bado chama cha wapishi, wahudumu na wasafisha vyumba wa mahoteli ya Las Vegas kina wanachama wapatao 60,000, wengi wao wahamiaji. Hakuna anayekatwa bila ridhaa yake. Kila anapoajiriwa mtu mpya wa kutandika vitanda, inabidi wenzake wamfuate, wamweleze mkataba umewapatia nini, kisha wamwombe atie saini.