Alitenda Mwenyewe, au Lilimtokea?

Mwendesha boda boda anateremka kuelekea Wandegeya, jijini Kampala. Ghafla kifafa kinamshika, pikipiki inaacha barabara na kumgonga mama anayechoma mahindi. Mama anafariki. Mashuhuda watasema dereva ameua. Sisi tunaofundisha sheria ya jinai tunauliza kwanza: ametenda nini?

Mwaka 1963 mwanafalsafa Donald Davidson alieleza kwamba tendo la mtu husababishwa na kile anachokitaka pamoja na kile anachokiamini. Kanuni ya Adhabu ya Uganda, inayotumika tangu 1950, haiko mbali na fikra hiyo: ukiacha makosa ya uzembe, mtu hawajibiki kwa jambo lililotokea bila utashi wake, wala kwa tukio la ajali. Mkono uliokakamazwa na kifafa haukutenda lolote.

Lakini tusimwachilie haraka. Vipi kama daktari alishamkataza kuendesha, naye akaacha dawa na bado akapakia abiria? Basi tendo linalopaswa kuhukumiwa lilianzia stejini, alipowasha pikipiki huku akiijua hali yake. Ni uzembe, na uzembe ukiua ni jinai. Naamini kesi nyingi za namna hii huamuliwa na swali moja tu, tendo lilianza lini, na inasikitisha kuona watu wakibishania sekunde ya mwisho peke yake.

Je, nia inaonekanaje, wakati hakuna hakimu anayeweza kupasua moyo wa mtu? Katika kesi ya Tubere ya mwaka 1945, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilielekeza kutazama silaha iliyotumika, ilivyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, na mwenendo wa mshtakiwa kabla na baada. Aliyekata shingo kwa panga kisha akatoroka atapata taabu kusema alitaka kutisha tu. Waragi nao haumsafishi mlevi moja kwa moja, ila mahakama hupima kama ulevi ulimzuia kuwa na nia inayohitajika kwa kosa lenyewe.

Linaloniumiza zaidi ni umati. Kelele za "mwizi!" zinapigwa, watu wanamiminika, mmoja anarusha jiwe, mwingine anamshika kijana miguu, wa tatu anaenda kuleta tairi. Kijana akifa, kila mmoja atasema hakuua yeye. Sheria yetu inalitambua tendo la pamoja. Tangu kesi ya Tabulayenka ya 1943, mahakama zimeshikilia kwamba nia ya pamoja haihitaji kikao wala makubaliano ya awali. Inaweza kuzaliwa palepale, ikathibitishwa na kuwepo kwa watu hao, na matendo yao, hata na kule kutojitenga na kipigo. Mpita njia aliyesimama kushangaa hawi muuaji kwa kuwepo tu. Aliyemshika miguu anaweza kushtakiwa kwa mauaji sawasawa na aliyerusha jiwe.