Je, shujaa wa tanzia huponzwa na tamaa yake?

Niliwahi kuandika kwenye mtihani kwamba kila shujaa wa tanzia ana dosari moja ya tabia inayomwangusha, na kwamba dosari ya Macbeth, shujaa wa mchezo wa Shakespeare, ilikuwa tamaa ya madaraka. Nikaongeza, kwa kujiamini kabisa, kuwa dosari hiyo ndiyo mwanafalsafa wa Kigiriki Aristotle aliyoiita hamartia. Nikamalizia na methali: tamaa mbele, mauti nyuma. Nikapata vema. Miaka ilipita kabla sijaifungua sura yenyewe ya Aristotle, na nilichokikuta humo ni kwamba hadithi niliyoisifu ni jirani kabisa na ile aliyoikataa.

(Neno tanzia, kwa wasioliona mara kwa mara nje ya redio: ndilo hilohilo la tangazo la kifo. Darasani hutumika kwa mchezo wa kuigiza unaoishia kwenye maangamizi.)

Maandiko ya Aristotle kuhusu ushairi ni ya karne ya 4 KK. Katika sura ya 13 anauliza: ni mtu wa aina gani akianguka, watazamaji wataingiwa na huruma na hofu? Anawaondoa watu watatu. Mtu mwema kabisa asitumbukizwe kwenye maafa, maana hilo linachukiza tu. Mwovu asipandishwe kutoka dhiki hadi neema. Wa tatu ndiye aliyenishtua: mwovu kabisa asiangushwe pia. Watazamaji wanaweza kuridhika kumwona akiporomoka, lakini huruma ni ya aliyepatwa na asichostahili, na hofu huja tunapomwona mtu kama sisi. Kwa hiyo hadithi ya fisadi mlafi aliyekula akavimbiwa akapasuka, ambayo sisi tungeiita funzo zuri, kwake haikuwa tanzia.

Anayebaki yuko katikati. Si mtakatifu, wala haangushwi na uovu, bali na hamartia fulani. Mifano yake miwili ni Oedipus na Thyestes, watu wa hadithi za kale za Kigiriki. Neno hilo analitaja mara mbili tu katika sura hiyo, na halifafanui. Mara mbili! Maktaba nzima za uhakiki zimejengwa juu ya neno ambalo mwenyewe alilipitia kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Hapa Kiswahili kina bahati. Kiingereza kimehangaika kwa muda mrefu kuchagua kati ya maneno ya dosari, kosa na dhambi, na kila uchaguzi unaburuta maana upande wake. Sisi tuna kukosa. Mshale umekosa shabaha. Nimekukosea, nisamehe. Nimekosa nauli. Kitenzi kimoja, maana tatu: kutopata ulichokilenga, kutenda lisilo sawa, na kutokuwa na kitu. Kitenzi cha Kigiriki ambacho kimezaa hamartia kinafanya kazi hizo zote tatu. Katika Iliadi, utenzi wa vita wa Homer, mpiganaji akirusha mkuki ukapita pembeni, kitenzi ni hicho. Kwa hiyo sentensi ya Aristotle tunaweza kuisoma bila jasho: shujaa haanguki kwa uovu, bali kwa kukosa.

Tahadhari kidogo. Wataalamu hawajakubaliana upana wa neno hilo. Wapo wanaolibana liwe kosa la kutojua tu, na wapo wanaoacha nafasi ya udhaifu wa kimaadili. Kwenye maandiko yake ya maadili, Aristotle mwenyewe anatenga madhara ya aina tatu: ya bahati mbaya ambayo hakuna angeitarajia, ya kukosea bila nia mbaya, na ya dhuluma iliyotendwa kwa makusudi. La katikati linatoka kwenye mzizi uleule wa hamartia. Huo si uthibitisho wa mwisho, ila unaonyesha upepo ulikuwa unavuma wapi.

Sasa tuone kukosa huku kunavyofanya kazi. Fikiria nahodha wa jahazi usiku, anayejua kuna mwamba karibu na anataka kuukwepa. Anaona taa, anaidhania ya bandarini, anaielekea. Kumbe ni karabai ya wavuvi wa dagaa, na mwamba uko katikati yake na hiyo taa. Usukani ameushika barabara, tanga limejaa, mabaharia ni hodari. Ubora wote huo unafanya nini? Unamfikisha mwambani mapema. Nahodha mzembe angechelewa, pengine kungekucha, akaona. Mkono hauna kasoro, tabia haina kasoro. Kilichokosewa ni taa.

Oedipus ndiye nahodha huyo. Mchezo uliomhusu wa Sophocles, mtunzi wa kale wa Athens, ambao S. S. Mushi aliutafsiri kwa jina la Mfalme Edipode mwaka 1971, unamkuta akiwa tayari mfalme wa mji wa Thebes. Zamani kidogo aliambiwa na kuhani wa hekalu la Delphi kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Akafanya ambacho mtoto mwema yeyote angefanya: akakimbia kwao Corinth asiwakaribie wazazi wake. Tatizo ni kwamba wale wa Corinth walikuwa walezi. Kila hatua ya kukimbia ilikuwa hatua ya kuelekea. Njia panda anagombana na mzee na kumuua, bila kujua ndiye baba. Kwa akili yake anategua kitendawili cha Sphinx, dubwana lililoutesa mji, na zawadi ya akili hiyo ni ufalme pamoja na malkia mjane, aliye mama yake. Hasira anayo, hilo sikatai, na njia panda ile ingemalizika vingine kwa mtu mpole. Lakini tamaa ya ufalme hutaipata hata ukiitafuta. Ufalme alipewa.

Aristotle anakipenda hasa kipande kimoja, naye ana haki. Mjumbe anafika kutoka Corinth: mfalme wa huko amefariki. Oedipus anashusha pumzi upande wa baba, ila bado anamwogopa mama. Mjumbe, kwa nia njema, anamtuliza: usihofu, hao hawakukuzaa, mimi mwenyewe nilikupokea ukiwa mchanga kutoka kwa mchungaji mmoja. Maneno yaliyoletwa kuondoa hofu ndiyo yanayofungua kaburi. Hata mjumbe amekosa.

Na Macbeth je? Huyo anajua. Kabla ya kumuua Mfalme Duncan anajihesabia sababu za kutofanya hivyo: ni ndugu yake, ni mfalme wake, ni mgeni nyumbani mwake. Anakiri kwamba kinachomsukuma ni tamaa tupu, inayoruka juu kupita kiasi na kuangukia upande wa pili. Kwa vipimo vya Aristotle hiyo ni dhuluma ya makusudi, na kama tunamhurumia, Shakespeare amefanya kazi ambayo sura ya 13 ingemshauri asiijaribu. Tukamchukua huyu wa ajabu, tukamfanya kanuni ya wote. (Macbeth wa historia alimuua Duncan vitani mwaka 1040, akatawala miaka 17, na mwaka 1050 alikwenda kuhiji Roma akigawia maskini fedha. Mtu asiye na utulivu kwake haendi safari kama hiyo.)

Aliye karibu zaidi na Oedipus ni Brutus, katika Julius Caesar, mchezo wa Shakespeare ambao Nyerere aliutafsiri mwaka 1963. Anayeshtakiwa kwa tamaa humo ni Kaizari, naye anauawa katikati ya mchezo. Maanguko yanayobaki ni ya Brutus, mmoja wa waliomuua, aliyelenga kuiokoa jamhuri ya Roma. Anamruhusu Antony, rafiki wa Kaizari, ahutubie mazikoni, akiamini uungwana utatosha. Akalenga jamhuri, mshale ukatua kwa Augusto, mtawala wa kwanza wa dola la Kirumi.

Kwa nini basi "dosari" ilishika hivi? Sababu moja iko wazi: katika Agano Jipya la Kigiriki, hamartia ni neno la kawaida la dhambi. Paulo anapowaandikia Warumi kwamba wote wamefanya dhambi, kitenzi ni kilekile cha mkuki uliopita pembeni. Aliyekulia kanisani akikutana nalo kwa Aristotle, ni rahisi kusikia mahubiri. Na mwalimu anayesahihisha insha arobaini usiku ataipenda dosari moja yenye jina kuliko taa iliyokosewa.

Aristotle aliufanya mchezo huo wa Oedipus kuwa kielelezo chake. Ila kwa mujibu wa maelezo ya kale, siku ya mashindano huko Athens haukushinda. Waamuzi walimpa ushindi Philocles, mpwa wa mtunzi wa tanzia Aeschylus, ambaye leo hatuna hata mchezo wake mmoja mzima.