Mkate na chai si salama kwa kila anayepaliwa

Mtu aliyepata kiharusi akianza kupaliwa, nyumba nyingi hapa Nairobi humpa mkate mweupe na chai, eti ni laini, vitateremka vyenyewe. La. Mkate ukilowa mate hugeuka donge linalonata kooni, na chai, kwa wepesi wake, huweza kuingia njia ya hewa kabla haijajifunga. Tena asipokohoa msidhani kapona; wengine huingiwa na chakula mapafuni kimyakimya.

Njugu za kwenye foleni ya matatu, sahau. Afadhali parachichi bivu lililopondwa hadi lisibaki na kibonge, au yogati nzito isiyo na vipande vya matunda: kijiko kidogo, ameketi wima, ameze kwanza ndipo umwongeze. Uzito wa chakula na kinywaji unaomfaa hupimwa na mtaalamu wa umezaji, si jirani.