Gemu zinaufundisha nini ubongo? Maswali na majibu

Ni kweli kwamba gemu hubadilisha ubongo?

Ndiyo, na hilo peke yake lisikutie hofu. Ubongo hubadilika kwa kila kitu tunachokirudia: kusoma, kushona, kupiga gitaa, kuendesha gari. Gemu nazo ni mazoezi, tena mazoezi ambayo mtu huyarudia mara mamia kwa siku bila kusukumwa na yeyote.

Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya watu wazima waliocheza gemu ya Super Mario 64 nusu saa kila siku kwa miezi 2. Walipopigwa picha za ubongo, sehemu kadhaa zilionekana zimeongezeka ujazo, mojawapo ikiwa hipokampasi ya upande wa kulia, inayotusaidia kukumbuka na kujua tuko wapi na tupite njia gani. Ukiutazama mchezo wenyewe hushangai. Mchezaji anakimbia humo ndani akitafuta nyota, na asipokumbuka ile ngazi aliiona upande gani, anazunguka hapo hapo mpaka achoke.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: gemu hii ninayoicheza, inanifanyisha mazoezi ya kitu gani? Gemu ya mafumbo na gemu ya mbio za magari zinaitwa jina moja, lakini kazi zinazoupa ubongo ni tofauti kabisa.

Nikilala usiku naona vipande vya gemu vikianguka mbele ya macho. Nina tatizo?

Huna tatizo. Hilo huwapata wengi, na ni moja ya mambo yanayoonyesha vizuri zaidi jinsi akili inavyojifunza.

Robert Stickgold wa Chuo Kikuu cha Harvard alilichunguza akitumia Tetris, ile gemu ya kupanga vipande vinavyoshuka kutoka juu. Matokeo yake yalitoka mwaka 2000. Watu 27 walicheza kwa saa 7 zilizogawanywa katika siku 3, kisha wakaulizwa wanaona nini usingizi unapoanza kuwachukua. Zaidi ya nusu walisema wanaona maumbo yakishuka. Miongoni mwa wale 27 walikuwamo wagonjwa 5 ambao hipokampasi zao zilikuwa zimeharibika, kiasi kwamba hawakuweza kutunza kumbukumbu mpya. Waliwekwa mbele ya mchezo ule ule na kuuona mgeni, kama hawajawahi kuugusa. Lakini baadhi yao, waliposinzia, nao waliona maumbo yakielea na kugeuka, bila kujua yametoka wapi.

Tulia kidogo kwenye hilo. Mtu hakumbuki kwamba amecheza, lakini ubongo wake bado unaupitia mchezo. Kujifunza kunaendelea chini ya yale tunayoweza kuyasema kwa mdomo, na huendelea hata baada ya simu kuzimwa. Ndiyo maana kile tunachokifanya saa ya mwisho kabla ya kulala si jambo dogo.

Jambo hilo hilo limepata matumizi hospitalini. Mwanasaikolojia Emily Holmes na wenzake waliona kwamba jicho la akili lina nafasi finyu: likiwa limejaa maumbo ya Tetris, picha za kutisha hazipati mahali pa kujichimbia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, majeruhi wa ajali za barabarani nchini Uingereza walipewa Tetris wakiwa bado kwenye idara ya dharura, baada ya kuikumbuka ajali kwa muda mfupi. Wiki iliyofuata, picha za ajali ziliwajia mara chache kuliko wenzao ambao hawakucheza. Usilichukue hilo kama dawa ya kujitibu nyumbani. Walisimamiwa na wataalamu.

Gemu za kupigana risasi zinaongeza umakini au zinaupunguza?

Inategemea unaita nini umakini, maana neno hili moja linabeba kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kunasa vitu vingi kwa jicho moja: adui pembeni, mlango nyuma, risasi zinazokaribia kuisha. Hiyo huongezeka. Watafiti Shawn Green na Daphne Bavelier walilionyesha mwaka 2003. Watu ambao hawakuwa na mazoea ya gemu za mapigano walizicheza saa moja kwa siku kwa siku 10, na uwezo wao wa kuona na kuchagua haraka kilicho muhimu ukapanda kuliko wa waliopewa Tetris.

Kazi ya pili ni kukaa na jambo moja lisilo na msisimko, kama ukurasa wa kitabu au hesabu ngumu, hadi liishe. Mafanikio ya kwanza hayakuhakikishii hili la pili. Mzazi anayelalamika kwamba mtoto "hana umakini" darasani, na mtoto anayejitetea kwamba kwenye gemu hakuna anayemshinda, wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Basi nikicheza zile gemu za kunoa ubongo nitapata akili zaidi?

Utakuwa hodari wa gemu hizo. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uliowafuatilia watu 11,430 kwa wiki 6. Walipanda sana katika mazoezi waliyoyafanya, lakini ustadi huo haukuhamia kwenye majaribio mengine, hata yaliyofanana nayo. Kama unazipenda, cheza kwa kuzipenda.

Kila nikimwambia mtoto azime, ananijibu "bado kidogo". Ni ukaidi?

Mara nyingi si ukaidi. Mtazame dakika ile: mabega yamepanda, pumzi imebanwa, vidole gumba havitulii, na neno lako linamfikia likiwa limechelewa. Mwaka 1998 watafiti wa London waliwapima wanaume 8 wakicheza gemu, wakaona dopamini ikimwagika ndani ya ubongo. Dopamini ndiyo inayotusukuma kulifuata jambo. Na gemu nyingi hutoa zawadi bila kutabirika: leo sanduku lina kitu kizuri, kesho halina. Zawadi ya namna hiyo hushika tabia kuliko zawadi ya uhakika.

Mwenye nguvu ya kumwambia mtu "basi, inatosha" ni ubongo wa mbele, na huo haukomai mpaka baada ya miaka 20. Unamdai mtoto breki ambazo bado zinafungwa. Kubalianeni kabla hajaanza, na kipimo kiwe mwisho wa mechi, siyo katikati. Gemu za mtandaoni nyingi hazisimamishwi, na akitoka anawaangusha wenzake wa timu. Simu isilale naye chumbani. Katika yote niliyoyataja, hilo la usingizi ndilo nisingelilegeza hata kidogo.

Gemu za vita zinamfanya mtu awe katili?

Mwaka 2019 watafiti wa Oxford walichapisha matokeo ya vijana 1,004 wa Uingereza wenye miaka 14 na 15, wakiwauliza na wazazi kuhusu tabia zao. Hawakuona uhusiano kati ya kucheza gemu za ukatili na ugomvi. Hata hivyo mtoto mdogo bado anaweza kuota ndoto mbaya na kuingiwa na woga, kwa hiyo fuateni umri ulioandikwa kwenye gemu. Sikilizeni pia maneno anayotupiwa na wachezaji asiowajua.

Ni wakati gani tuseme huu sasa ni ugonjwa?

Shirika la Afya Duniani liliuingiza uraibu wa gemu katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Saa hazitajwi. Zinatazamwa dalili tatu: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imepewa nafasi ya kwanza kuliko mambo mengine yote, na anaendelea ingawa anaona inamuumiza. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12, na iwe imeharibu masomo, kazi au familia. Wachezaji wengi hawafiki huko. Wanaofika, mara nyingi wana sonona, wasiwasi au upweke chini yake, na kuwanyang'anya simu hakuugusi mzizi huo. Mpelekeni kwa mtaalamu wa afya ya akili, na mkae naye huko.

Na mimi nisiyejua gemu hata moja, nianzie wapi?

Kaa pembeni yake, mwambie akufundishe. Utakufa mara tatu katika dakika ya kwanza. Kisha muulize: umejuaje kwamba adui angetokea upande ule? Mwache aeleze mpaka amalize.